Tulivyokwenda Tengeru Kutafuta Kwao Shosho Maria

Safari hii ilitokana na moyo wa Tata Wanjiru. Daktari aliusikiliza, akaupiga picha, akasema mlango mmoja wa ndani haufungi sawasawa na lazima afanyiwe upasuaji. Siku ikapangwa, Jumatatu. Wiki moja kabla ya siku hiyo Tata akasema haendi. Padri akaja kumwomba, akashindwa. Dada zangu wakaja na machozi, wakashindwa. Ndipo nikaitwa mimi. Katika ukoo wetu jambo likiwashinda wote huitwa mimi, na hapo sijisifu, ndivyo ilivyo.

Nijieleze kidogo. Mimi ni Mwangi, fundi wa samani. Shule niliacha darasa la saba, nikaingia soko la Gikomba, Nairobi, kusukuma mkokoteni wa mbao. Baadaye nikaazima randa, kisha nikanunua yangu. Leo nina karakana mtaa wa Baba Dogo yenye mafundi kumi na wanne, na nyumba mtaa wa Fedha ambayo ngazi zake nilizitengeneza kwa mikono yangu, hazilii hata ukipanda na gunia la viazi. Kama umewahi kuketi kanisani upande huu wa Eastlands, huenda umekalia kazi yangu bila kujua.

Tata ni shangazi yangu, dada wa marehemu baba. Anaishi mtaa wa Bahati katika nyumba ileile walimoishi wazazi wake, na miaka yote amekuwa akishona sare za shule. Ngozi yake ni nyeupe kuliko yetu sote, macho yake yana rangi ya chai ya rangi, na sokoni walimwita Nusu mpaka alipozeeka wakaona aibu. Hiyo ni kwa sababu mama yake, shosho yangu Maria, alikuwa Mpolandi. Wakati wa vita vya Hitler, Wapolandi wengi, akina mama na watoto hasa, waliletwa Afrika kama wakimbizi, na baadhi yao wakawekwa Tengeru, karibu na Arusha. Babu yangu alikuwa dereva wa lori lililopeleka unga kambini. Wengine walipoondoka, Maria akabaki na dereva wake. Uhuru ulipokaribia wakahamia Nairobi.

Nilimkuta Tata ameketi kwenye cherehani isiyo na uzi.

"Baba," akaniambia, "umetumwa na wale?"

Lazima nieleze hapo. Kwetu Wakikuyu, mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la baba wa baba yake, na wa pili hupewa jina la baba wa mama yake. Mimi ni wa kwanza, nikapewa jina la babu Mwangi, yule dereva. Kwa hiyo Tata huniita baba, hata anaponikemea. Kwetu mwenye jina amerudi. Si ukumbusho tu.

"Nimejituma mwenyewe," nikamjibu. "Tata, unaogopa kisu?"

"Kisu sikiogopi. Nimeishi na sindano maisha yangu yote. Sasa niambie. Nikilala kwenye ile meza nisiamke, nitafikia kwa akina nani? Upande wa baba nawajua wote, mpaka yule aliyefyeka msitu. Upande wa mama nitasimama mlangoni kama mgeni. Wataniuliza, wewe ni wa nani? Nitasema nini?"

"Si tunajua? Maria Mazur, binti ya Kazimiri Mazur. Jina limo kwenye kitabu chake cha sala. Mpaka nimelichora kwenye ubao wa karakana."

"Umelichora wewe. Nilipokuwa msichana nilimuuliza mama, Mazur ni baba yako? Akasema hapana, hilo nilikuja nalo njiani. Nikamuuliza la kwenu basi ni lipi? Akanisukumia sinia ya mchele nichague."

Nikamwambia kwamba hata kama Mazur ni la njiani, Kazimiri tunaye. Baba yangu alikuwa mtoto wa pili wa kiume wa Maria, na mtoto wa pili ni wa kwao mama. Babu alisimulia mara nyingi: alikwenda kumwona mkewe amejifungua, akamwambia, huyu ni wa kwenu, na kwetu mwenye jina hurudi, tumwite nani? Maria akasema Kazimiri, akalia. Baba yangu akaitwa Kazimiri, na kijana wangu wa kwanza naye anaitwa Kazimiri. Hapo hakuna shaka.

"Kazimiri wa wapi?" akauliza Tata. "Kazimiri nani? Wanaume wenye jina hilo ni wangapi Ulaya? Nipatie jina la nyumba yao, nitakwenda kulala kwenye hiyo meza yenu."

Nikamwambia nitampatia kabla ya Jumatatu. Mimi nikisema kabati litakuwa tayari Jumatatu, huwa tayari.

Ijumaa asubuhi, saa kumi na mbili, tulitoka Fedha kwa gari langu. Tata alikaa mbele, amevaa koti na kitambaa cha kichwa, mkoba mapajani, dawa zake ndani ya mkoba. Nyuma niliweka blanketi, maji, na sanduku langu la vifaa. Sanduku hilo huenda ninapokwenda, hata harusini. Tulishika barabara ya Mombasa, tukakunja kulia Athi River, na Kitengela tulipita kabla ya msongamano.

Kajiado tulisimama kunywa chai. Baada ya hapo nchi ikafunguka, kavu, mbuzi kando ya barabara na wachungaji wenye shuka nyekundu. Tata hakuzungumza sana. Aliniuliza mara mbili kama nimekumbuka jina la kanisa. Babu alikuwa akisema walifungishwa ndoa katika kanisa la kilimani, mwendo mfupi kutoka kambini, na padri ni mzungu mwenye pikipiki. Hayo tu ndiyo tuliyokuwa nayo. Niliyaona yanatosha.

Namanga, saa nne. Karatasi za gari zilikuwa sawa, zangu huwa sawa. Afisa mmoja kijana aliangalia kitambulisho cha Tata, akamwangalia Tata mwenyewe, akaniuliza kando, "Mzee, huyu mama ni Mkenya kweli?"

Tata akasikia. "Njoo uniulize mimi. Wewe umezaliwa wapi?"

"Machakos, mama."

"Mimi nimekulia Bahati, nikala githeri ya jana na kulipia choo cha nje. Ulishaona mzungu wa hivyo?"

Wenzake wakacheka. Kijana akagonga muhuri, akasema, "Safari njema, shosho." Tulipofika garini Tata akaniambia, "Unaona? Hata mpakani naulizwa kwetu ni wapi." Alikuwa anatabasamu, lakini hakuwa anatania.

Upande wa Tanzania barabara ni nzuri na polisi ni wengi. Niliendesha mwendo wa harusi. Tulipita Longido, mlima Meru ukajitokeza mbele yetu ukiwa na wingu kichwani, na tulipokaribia Arusha kila kitu kikawa kijani: migomba, kahawa, mahindi mpaka ukingoni mwa lami. Tukapita mjini bila kusimama. Saa saba na nusu tulikuwa Tengeru.

Kanisa la kilimani lilikuwepo kweli. Tuliulizia kwa mama mmoja muuza ndizi, akatuonyesha kwa kidevu. Ofisini tulimkuta katekista mzee, Mwalimu Damiani, amevaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Alisimama alipomwona Tata.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu Tata, akaonekana amekua inchi mbili.

Mimi nikasema, "Habari yako, mzee," nikimpa mkono.

"Njema. Nairobi shikamoo imekwisha?" akaniuliza kwa upole. Nikaona haya, nikamwamkia upya.

Tulimweleza. Alisikiliza bila kukatiza, akasema madaftari ya zamani yapo, ya ndoa, ya ubatizo na ya maziko, lakini yamo kwenye kabati la sakristia, na mlango wa kabati umevimba tangu mvua. "Tumevuta mpaka mpini ukatoka. Mpaka Jumatatu, fundi akipatikana."

"Jumatatu haitufai," nikasema. "Na fundi umempata."

Lilikuwa kabati la mninga, kazi ya zamani, viungo vimeshikana bila msumari hata mmoja. Aliyelitengeneza alijua. Nilitoa bawaba, nikaushusha mlango mzima, nikaukwangua ukingo kwa randa, nikaurudisha. Haikuchukua nusu saa. Sasa unafungwa kwa kidole kimoja. Mwalimu Damiani aliufungua na kuufunga mara tano kama mtoto, na kuanzia hapo akawa mtu wetu.

Madaftari yalikuwa yameandikwa Kilatini. Mwalimu alikuwa amesoma seminari miaka miwili kabla ya kuoa, kwa hiyo alikisoma polepole, kidole kikitembea. Alipofika ukurasa fulani kidole kikasimama.

"Hapa. Yohana Mwangi, dereva, wa Fort Hall, Kenya."

"Ndiye," akasema Tata. Fort Hall ndiyo Murang'a ya siku zile.

"Bibi harusi, Maria Wrona. Mjane. Mpolandi. Binti ya Yosefu Wrona na Anna."

Tata alishika ukingo wa meza. Mimi nikauliza, "Binti ya nani?"

"Yosefu."

"Basi siye."

Mwalimu akainua macho. "Siye vipi, kaka? Mwangi, dereva, Mpolandi Maria."

"Mwalimu, Mwangi kwetu ni kama majani. Na madereva Wakikuyu huku walikuwa wengi. Maria nao ni wengi. Baba wa shosho yangu ni Kazimiri. Baba yangu ni mtoto wa pili, amebeba jina lake. Kwetu mambo mengine tunaweza kukosea, hilo hatukosei."

"Huenda mzee huyo alikuwa na majina mawili."

"Wewe unajua Kilatini. Mimi najua kwetu."

Nilisema kwa sauti ya karakana, ile inayomaliza ubishi. Tata aliangalia ule mstari, kisha akaniangalia mimi. Akatoa mkono mezani.

"Baba amesema," akamwambia Mwalimu. "Tuendelee."

Tulipekua mpaka mwanga wa dirisha ukapungua. Tulimtafuta binti ya Kazimiri kwenye ndoa zote za miaka ile. Hakuwepo.

Jioni tulipata vyumba viwili katika nyumba ya wageni chini ya kilima. Mwenye nyumba alitupikia mtori wa ndizi, akaleta bakuli kubwa, akamkaribisha Tata mara tatu. Tata alikula vijiko viwili.

"Umejitahidi, baba," akaniambia. "Jumatatu wapigie simu hospitali, wampe mwingine hicho kitanda. Kuna watu wanakingoja."

"Kesho bado ipo."

"Kesho nataka kuona makaburi tu. Mama alikuwa akisema marafiki zake wamelala huku. Nikawasalimie, twende nyumbani."

Sijazoea kurudisha kazi kwa mteja nikisema imenishinda, na usiku ule nililala vibaya.

Jumamosi, saa tatu asubuhi, makaburi ya Wapolandi. Yako ndani ya eneo la chuo, yamezungushiwa ukuta, lango lina kufuli. Funguo alikuwa nazo mwanamke wa makamo, Mama Neema, tuliyemkuta akifagia majani kwa ufagio wa chelewa. Akatupa kitabu cha wageni tuandike majina, akarudi kwenye kazi yake. Makaburi yamepangwa mistari, ya saruji, yamepakwa chokaa, misalaba yote inatazama upande mmoja. Ni kazi safi. Nilikagua jinsi walivyoweka kingo, nikaona mahali maji yamepata njia, nikamwambia Mama Neema hapa pazibwe kwa saruji kabla ya masika. Akasema, "Asante baba, nitawaambia wanaohusika."

Tata alikuwa anatembea mstari kwa mstari, mkoba mkononi, akisoma kila jina kwa mdomo bila sauti. Kwa moyo ule, alikuwa anapumzika kila baada ya makaburi matano. Nilimwachia nafasi. Kisha nikamsikia.

"Mwangi!"

Hakuniita baba. Nikaenda mbio.

Alikuwa amesimama mbele ya kaburi dogo, urefu wa meza ya kahawa. Jina lilikuwa kwa herufi zao, lakini lilisomeka: Kazimierz Mazur. Chini kulikuwa na mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa. Nilitoa mmoja kutoka mwingine. Miaka mitatu.

Mama Neema alikuwa ametukaribia. "Huyo ni mtoto," akasema. "Wako wengi humu. Wanasema walifika wamechoka na safari, homa ikawamaliza."

"Huenda ni jamaa tu," nikasema. "Amepewa jina la babu, kama sisi."

"Nyamaza kidogo, Mwangi."

Tata alitafuta pa kukaa, Mama Neema akamletea ndoo, akaigeuza, akamkalisha juu yake. Halafu Tata akaniuliza kama namkumbuka Njoroge. Njoroge alikuwa kaka yake mkubwa, mzaliwa wa kwanza, naye amekufa.

"Namkumbuka."

"Njoroge alikuwa na kinyongo kimoja mpaka akazeeka. Alikuwa akisema, Kazimiri alipotimiza miaka minne, mama alichinja jogoo. Mimi sikuchinjiwa. Wanjiru hakuchinjiwa. Kazimiri tu, na siku hiyo tu, hakurudia tena. Mama akakaa akamtazama akila, yeye mwenyewe hakugusa. Tulikuwa tunacheka. Tulisema mama anampenda kwa sababu ni baba yake."

Akaangalia kaburi.

"Alikuwa amevuka mitatu, Mwangi. Ndiyo sababu ya jogoo. Alikuwa amevuka mitatu."

Baba yangu nilimjua kama mtu mkimya aliyefanya kazi ya ukarani, akavaa sweta hata Januari kwa sababu mama yake alimzoeza hivyo tangu utotoni. Nilikuwa nadhani ni woga wa baridi wa Wazungu.

Saa tano na nusu tulikuwa tena ofisini kwa Mwalimu Damiani. Hakuonyesha kushangaa. Tata mwenyewe ndiye aliyeomba, "Mwalimu, daftari la maziko." Kabati likafunguka kwa kidole kimoja. Mwalimu aliupata mstari upesi kuliko nilivyotegemea, akausoma mara mbili kimoyomoyo kwanza, kisha kwa sauti.

"Kazimiri, miaka mitatu. Mwana wa Stanislao Mazur, marehemu, na wa Maria, aliyezaliwa Wrona."

Akaleta na daftari la ndoa, akayaweka mawili sambamba. Maria Wrona. Maria Wrona. Binti ya Yosefu na Anna. Hivyo Mazur alikuwa mume wa kwanza, aliyefia njiani au vitani, hatukujua. Kazimiri alikuwa mtoto wao. Na jina la nyumba ya kina shosho lilikuwa limekaa mbele yangu tangu jana yake, nikalikataa kwa sauti ya karakana.

"Kaka," akasema Mwalimu, bila kejeli, "jana ulisema kwenu hilo hamkosei."

"Hatujakosea," akajibu Tata badala yangu. "Baba yetu hakumuuliza vizuri tu. Alimwambia, kwetu mwenye jina hurudi, sasa huyu tumwite nani? Wewe ungekuwa mama, Mwalimu, umemzika mtoto kwenye ile chokaa, halafu mtu akuambie hivyo. Ungemtaja baba yako mzee?"

Mwalimu akavua miwani, akaifuta kwa shati.

"Yosefu wa watu hakurudi," Tata akaendelea. "Mama alikuwa na nafasi moja ya kumrudisha mtu."

Nikamwambia, "Tata, nisamehe ya jana. Ningekurudisha nyumbani mikono mitupu."

"Ulikuwa unatetea mila, baba," akasema, na niliposikia baba imerudi nikajua nimesamehewa. "Lakini siku nyingine mtu anayejua kusoma akisoma, mwache amalize."

Mwalimu alituandikia mistari yote miwili kwenye karatasi ya parokia, kwa Kiswahili, akagonga muhuri. Tata aliikunja mara nne, akaitia kwenye mkoba pamoja na dawa.

Saa tisa alasiri alitaka turudi makaburini. Safari hii hakukalia ndoo. Alipiga magoti, nikamshika kiwiko, akavua kitambaa cha kichwa akafuta vumbi juu ya jina, herufi moja moja, kama anavyofuta kola kabla ya kupiga pasi. Nywele zake zote ni nyeupe. Akasema kwa Kikuyu, "Mũrũ wa maitũ," yaani mwana wa mama yangu, ndivyo tunavyomwita kaka. Akamweleza kwamba mama yao amezikwa Nairobi, kwamba alikufa usingizini, na kwamba alishona vizuri. Akamwambia Njoroge alikuwa mtu wa maneno mengi. Hakuwa analia. Alikuwa anampa habari, kama unavyompa habari mtu aliyekaa mbali.

Mama Neema alisimama kando na ufagio wake. Tulipokuwa tunatoka akamuuliza, "Mama, mmempata babu mliyekuwa mnamtafuta?"

"Nilikuja kutafuta wajomba," Tata akasema, "nimekutana na kaka."

Jumapili tulisali misa ya kwanza kule kilimani, kisha tukaondoka. Namanga, nikingoja muhuri, nilimpigia kijana wangu Kazimiri.

"Unajua umepewa jina la nani?"

"La guka," akasema, maana yake babu yake, baba yangu. "Mbuyu, uko sawa? Umekunywa?" Mbuyu ndiyo baba kwa lugha ya vijana wa Nairobi.

"Na guka alipewa la nani?"

"La yule mzee wa Poland. Si wewe hutuambia kila Krismasi?"

"Nilikuwa nawadanganya. Njoo nyumbani jioni."

Kutoka hapo mpaka Kitengela Tata alisinzia, kichwa kimeegemea kioo, mkono juu ya mkoba. Niliendesha polepole. Watu wakiniuliza nilijifunza nini katika safari ile, huwaambia kwamba nilijua mila kama ninavyojua futi ya kupimia, nikadhani basi najua na mti. Mila ilituambia jina lilitoka upande gani. Haikutuambia mama aliyelitoa alikuwa na nini kifuani. Hilo lilikuwa kwenye jogoo, na sisi tulilifanya kichekesho cha familia kwa zaidi ya miaka hamsini. Pia nilijifunza kusema shikamoo.

Jumatatu, saa moja asubuhi, hospitali. Tata alikuja amevaa gauni lake la Pasaka. Muuguzi mmoja msichana, kalamu mkononi, alimkalisha pembeni mwa kitanda kuandika historia ya familia, maana maradhi ya moyo wakati mwingine hufuata damu. Alimuuliza umri, dawa anazotumia, kama amewahi kulazwa. Maswali hayo Tata alikuwa ameshayajibu mara nyingi kliniki, nami nilikuwepo, na sikuzote jibu la watoto wa mama yake lilikuwa watatu.

"Kwenu mmezaliwa wangapi, shosho?"

"Wanne," akasema Tata.

Muuguzi akapindua faili. "Hapa waliandika watatu."

"Futa. Wanne. Kazimiri, Njoroge, Kazimiri, na mimi."

"Kazimiri mara mbili?"

"Mara mbili."

"Na yule wa kwanza alikufa na nini?"

"Homa. Alikuwa na miaka mitatu. Andika."

Msichana akaandika. Tata alisubiri mpaka kalamu ikasimama, akanikabidhi mkoba wake, akavua viatu mwenyewe, akavipanga chini ya kitanda, akalala.